Mimi nasema ni forodha

Mhariri, swali lenu la wiki lilikuwa: mataifa ya kigeni yaliwezaje kuishika China kibiashara na kisiasa bila kuigeuza koloni? Wengi watajibu kwa neno moja, mizinga, nami sitawabishia. Ila mimi ni wakala wa forodha, mwaka wa kumi na tisa huu nagomboa mizigo ya watu bandarini, na kila nikisoma habari za China ya karne ya 19 jicho langu linakwenda kwenye kaunta ya ushuru.

Kasumba, yaani afyuni, haikwepeki, basi tuanze nayo. Waingereza walikuwa wakinunua chai ya China na kuilipia kwa madini ya fedha, kwa sababu bidhaa zao hazikuwa na soko kubwa kule. Tena tangu 1757 meli za Ulaya ziliruhusiwa kufanya biashara kwenye bandari moja tu, Guangzhou ya kusini, na kwa wafanyabiashara wachache wenye kibali cha serikali. Kasumba ya India ndiyo iliyougeuza mkondo, fedha ikaanza kutoka China. Mwaka 1839 mjumbe wa mfalme, Lin Zexu, akakamata makasha zaidi ya 20,000 na kuyaangamiza pale Humen. Kasumba ilitumbukizwa kwenye mahandaki yenye maji ya chumvi, ikamwagiwa chokaa, vibarua wakakoroga hilo tope linalofuka moshi, kisha likafunguliwa njia kwenda baharini. Kazi ya zaidi ya wiki tatu! Aliyewahi kusimamia uteketezaji wa shehena ya magendo anajua hilo ni jasho la namna gani. Uingereza ikajibu kwa vita.

Mkataba wa Nanjing wa 1842, uliomaliza vita hivyo China ikiwa imeshindwa, tunaukumbuka kwa Hong Kong iliyokabidhiwa Waingereza, bandari tano zilizofunguliwa na fidia ya dola milioni 21. Kipengele cha ushuru wasomaji wengi hukiruka, maana kinachosha. Kwa mkataba huo na nyongeza yake ya 1843, viwango vilifungwa kwenye karibu asilimia 5, na China haikuweza kuvipandisha bila wageni kuridhia. Nyongeza hiyo ikaongeza kwamba taifa lolote likipewa nafuu mpya, Mwingereza naye aipate. Wamarekani na Wafaransa wakaja 1844 na mikataba ya namna hiyo, pamoja na haki ya raia wao kushtakiwa mbele ya konsuli wao badala ya kadhi wa Kichina. Asilimia 5 hiyo tunaifahamu hata sisi: ndiyo waliyoandikiana Wamarekani na Seyyid Said mwaka 1833, wakati Zanzibar ikiwa chini yake.

Sasa angalia ujanja wa makaratasi. Bidhaa nyingi zilitozwa kiasi maalumu kwa uzito, kwa hiyo bei sokoni zilipopanda, ile asilimia 5 ikawa inapungua yenyewe bila mtu kugusa kalamu. Kuanzia 1858, mzigo wa kigeni ukilipiwa asilimia 2.5 zaidi ulipata pasi ya kwenda bara bila kutozwa tena njiani. Mchina aliyesafirisha mzigo wake mwenyewe alisimamishwa kizuizi baada ya kizuizi kulipa lijin, tozo iliyobuniwa 1853 kugharimia vita dhidi ya waasi wa Taiping. Unafikiri wafanyabiashara walifanyaje? Wakatafuta jina la mgeni la kubandika juu ya mzigo. Hata mimi ningewashauri hivyo hivyo.

Kaunta yenyewe iliwaponyoka Wachina 1853. Waasi waliuteka mji wa Shanghai, ofisi ya ushuru ikaporwa, makonsuli wakajitwika kazi ya kusimamia malipo. Mwaka uliofuata wakakubaliana na mkuu wa Kichina wa pale kwamba wakaguzi watatu, Mwingereza, Mmarekani na Mfaransa, waongoze ukusanyaji. Mpango wa dharura ukawa idara ya nchi nzima. Robert Hart, kijana wa Portadown huko Ireland, akawa Inspekta Mkuu 1863 na akabaki na cheo hicho hadi alipofariki 1911. Kwenye karatasi alikuwa mwajiriwa wa mfalme wa China.

Nikiri kitu. Idara ya Hart ninaionea wivu. Hesabu zilikuwa safi, rushwa ilibanwa, minara ya taa ikajengwa pwani, hata posta ya taifa ilianzia humo. Mapato yakapanda. Na kwa kuwa yalikuwa ya uhakika kiasi hicho, wakopeshaji wa Ulaya wakayapenda. China iliposhindwa na Japani 1895 na kudaiwa fidia ya taeli milioni 200 (taeli ni kipimo cha Kichina cha uzito wa fedha), ikakopa kwa wageni, dhamana ikiwa ushuru wa forodha. Baada ya uasi wa Mabondia, Wachina waliowashambulia wageni, itifaki ya 1901 ikaongeza taeli milioni 450, zilipwe kwa miaka 39 na riba ya asilimia 4. Forodha tena.

Hata hivyo, enzi zote za Hart wageni walikadiria tu, pesa zenyewe zilipokelewa na Wachina. Mapinduzi ya 1911 dhidi ya mfalme yalipozuka, wageni wakaanza kuzipokea wenyewe na kuziweka kwenye benki za kigeni. Madeni yakilipwa, kilichobaki kilikwenda kwa serikali ya Beijing waliyoitambua wao. Mwishoni mwa 1923 mwanamapinduzi Sun Yat-sen, akiwa na serikali yake pinzani Guangzhou, alidai fungu lake la ushuru uliokusanywa hapo hapo mlangoni kwake. Akaletewa manowari za mataifa kadhaa, zikatia nanga mbele ya mji.

Uhuru wa kupanga ushuru ulianza kurudi 1928, Japani ikakubali 1930. Inspekta Mkuu wa mwisho mgeni, Mmarekani Lester Knox Little, aliachia kiti 1950, tena akiwa Taiwan, kisiwa ilikokimbilia serikali iliyoshindwa na Wakomunisti.