Maswali ya TEHAMA: Na Binti Apewe Bisibisi

Safari hii nimechagua maswali yanayohusu mabinti wanaotaka kusomea TEHAMA. Ya "mama nisaidie kazi" nimeyaweka kando kwa sababu mimi si ofisi ya ajira. Ya "kozi ya kompyuta ni miezi mingapi" nimeyachoka, ila moja nimelijibu kwa kirefu ili wengine wote wasome hapo hapo.

Binti yangu amemaliza kidato cha nne, amepata divisheni ya nne ya pointi 28. Nimpeleke kozi ya kompyuta ya miezi mitatu hapa mjini ili apate kazi ya TEHAMA? – Baba Mwajuma, Isevya

Baba Mwajuma, miezi mitatu ya Word, Excel na kuchapa haraka itamfanya ajue kutumia kompyuta. Siku hizi hilo ni la lazima kwa kila mtu, hata kwa karani wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima wa tumbaku. Ila mwenye kazi ya TEHAMA ni yule anayeitwa kompyuta inapogoma, mtandao unapokatika, au mfumo wa kituo cha afya unapokataa kutoa risiti huku wagonjwa wamejaa kwenye benchi. Huyo hapatikani kwa miezi mitatu.

Hapa Tabora tuna mazoea ya kurithi. Mji huu ulijulikana nchi nzima kwa Chuo cha Uhazili, ambacho leo ni kampasi ya Chuo cha Utumishi wa Umma. Mabinti walitoka mikoa mingi wakaja hapa kujifunza taipu na hatimkato, ile ya kuandika haraka kwa alama, wakaondoka kwenda kushika ofisi za wakubwa. Ile ilikuwa taaluma kamili, na sitaki kumsikia mtu akiibeza. Tatizo ni kwamba mashine ya taipu ilipoondoka, wazazi tulibaki na picha ile ile vichwani: binti akae mbele ya kibodi achape, mvulana ndiye afungue boksi aone ndani kuna nini. Mara ngapi umeingia ofisini ukakuta anayechapa ni dada na anayejua nywila ya seva ni kaka? Bajeti ikibana, dada ndiye wa kwanza kuambiwa mkataba umekwisha. Kaka anapigiwa simu usiku akibembelezwa.

Sasa zile pointi 28 za binti. Kama zimetokana na D saba, mlango uko wazi. Kuingia ngazi ya 4 ya NTA (ngazi za tuzo za vyuo vya ufundi), yaani astashahada ya awali, sharti la msingi ni ufaulu wa masomo manne, na somo la dini halihesabiwi. Baada ya hapo anapanda ngazi ya 5, kisha ya 6 ambayo ndiyo stashahada. Akifika huko na GPA, yaani wastani wa alama, ya 3.0 au zaidi anaweza kuomba chuo kikuu. VETA, vyuo vya ufundi stadi, nao wanapokea, na pale hamna porojo nyingi, mtu anashika kifaa. Kabla hujalipa ada popote, usiulize majengo. Uliza mwanafunzi mmoja anakaa na kompyuta peke yake saa ngapi kwa wiki. Wakianza kukujibu kwa habari za sare na mahafali, rudi nyumbani na hela yako.

Mama, chuo kipi cha kompyuta ni kizuri hapa Tabora? – Wengi

Usajili wa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo hivi, kwanza, maabara pili, bango la barabarani mwisho. Nimelijibu hili mara nyingi kuliko ninavyoitikia shikamoo.

Nilipata F ya hesabu. Naweza kusoma TEHAMA? – Dada, Urambo

Kuingia unaweza, kwa kozi ambazo hazikudai hesabu. Kukaa humo ndiyo kazi. Siku ya kugawa anwani za mtandao utaambiwa una /26, na utatakiwa kujua kwamba hapo kuna anwani 64 ambazo vifaa vinatumia 62 tu. Hesabu yenyewe ni ya kuzidisha mbili kwa mbili, wala si ya kutisha. Kinachowaangusha mabinti wengi ni kuambiwa tangu darasa la tano kwamba hesabu si yao, wakaamini, wakaacha kufungua daftari. Rudia somo hilo kama mtahiniwa wa kujitegemea huku unasoma. Na mwalimu aliyekuambia "wasichana mtaolewa tu" msamehe, lakini usimtii.

Kwa nini wasichana wanapendelewa? Kila mwaka kuna siku yao ya TEHAMA, sisi hatuna. Kompyuta kiasili ni kazi ya wanaume. – Kijana wa chuo, Cheyo

Mwanangu, hiyo asili umeitoa wapi? Marekani walipojenga ENIAC, mashine iliyojaza ukumbi na kuonyeshwa hadharani Februari 1946, waliopewa kazi ya kuipangia hesabu zake walikuwa wanawake sita. Hapakuwa na kitabu cha maelekezo. Walisoma michoro ya umeme, wakachomeka nyaya na kugeuza swichi mpaka ikakokotoa. Sifa walipewa wahandisi wanaume, na wale sita walikaa miongo kadhaa bila kutajwa. Mwaka 1952 Grace Hopper, mwanamke mwingine, akaunda programu iliyokusanya vipande vya maelekezo na kuvifanya lugha ya mashine. Watu walimwambia kompyuta haiwezi kufanya hivyo, nayo ilikuwa tayari inafanya.

Huko huko Marekani, mwaka 1984 wanawake walikuwa kama asilimia 37 ya waliohitimu shahada ya sayansi ya kompyuta. Baadaye idadi ikashuka hadi karibu asilimia 18. Asili yao haikubadilika katika miaka hiyo michache. Moja ya sababu zinazotajwa ni kwamba kompyuta za nyumbani ziliingia sokoni zikitangazwa kama vitu vya kuchezea wavulana, basi mvulana akafika chuoni ameshazoea na msichana ndiyo kwanza anaigusa. Hapa kwetu kompyuta nyumbani ni chache, lakini mchezo ni huo huo. King'amuzi kikigoma, baba anamwita mvulana, "njoo ushike hapa." Binti anatumwa maji.

Kuhusu siku yao, ile Alhamisi ya nne ya Aprili, nakubaliana nawe kidogo, ingawa si kwa sababu yako. Fulana, keki na picha na mgeni rasmi havijamfundisha mtu kitu. Ninaheshimu mafunzo yanayowaweka wasichana wiki nzima mbele ya mashine, kama yale ya Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote kwa shule za sekondari. Hotuba nyingine ziachwe.

Dada yangu ametumiwa ujumbe wa kazi ya kuingiza data, sh. 30,000 kwa siku, atangulize sh. 50,000 ya usajili. Ni kweli? – Ipuli

Wizi. Na hata ajira za Serikali hazilipiwi, ziwe za data au za ufagio.

Shikamoo mama. Niliacha shule kidato cha tatu kwa sababu ya ujauzito. Sasa nina miaka 23 na mtoto mmoja, nauza vocha na kutengeneza simu kwa kujifunza mwenyewe. Nimechelewa? – Dada, Kasulu

Marahaba mwanangu. Umewatangulia wengi wenye vyeti, maana wewe kifaa unakifungua.

Tangu Novemba 2021 Serikali iliruhusu waliokatiza masomo, wakiwemo waliopata ujauzito, kurudi katika mfumo rasmi. Kwa umri wako na mtoto mgongoni, njia nyepesi ni elimu ya watu wazima: fanya Mtihani wa Maarifa, ule tunaouita QT, kisha kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Sambamba na hilo nenda VETA Kigoma uulizie utambuzi wa ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Wanakupima kwa kazi, unapata cheti cha kile unachokijua tayari, na wanakuonyesha pale unapopungukiwa. Ufundi wa vifaa vya mawasiliano una leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, pia, usingoje siku ya ukaguzi ndipo uulize.

Kuna jambo hukuuliza. Wanawake wengi wanaogopa kuacha simu kwa fundi kwa sababu ya picha na ujumbe wao, na wana haki ya kuogopa. Hapo ndipo soko lako lilipo. Mteja atoe laini na kadi ya kumbukumbu mbele yako, wewe ujaribie kwa laini yako. Usifungue picha za mtu hata ukiwa peke yako kibandani. Kuchezea data za watu kinyume cha sheria kunaweza kukuingiza kwenye Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na jina la fundi likishachafuka Kasulu, Kibondo nako wameshasikia.

Tuko wasichana sita tuliomaliza chuo. Tunataka mkopo wa halmashauri tufungue steshenari karibu na stendi. Unatushauri nini? – Kikundi, Nzega

Steshenari nyingine! Mmesoma mtandao na mifumo, halafu mnataka kugombania fotokopi ya kitambulisho cha NIDA na duka la jirani?

Mkopo upo. Halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Utaratibu ulisimamishwa 2023, ukarudi 2024. Anzieni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yenu. Lakini andikeni mradi wa kufunga mitandao na kamera za ulinzi. Kuna nyumba za kulala wageni, shule binafsi, zahanati, maduka ya jumla, maghala. Wengi wao wanaagiza fundi kutoka Mwanza, wanamlipia nauli, chakula na kitanda.

Kabla ya kuandika jina lenu kwenye andiko, kila mmoja abane kichwa cha kebo ya mtandao bila kuangalia simu, nyaya zikifuatana kwa rangi hizi: nyeupe-machungwa, machungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Asiyeweza afundishwe na wenzake, maana mkishapata hela hatafundishwa, ataitwa mweka hazina. Kebo ya shaba isizidi mita 100 kutoka swichi, kile kisanduku kinachogawa mtandao, hadi kifaa. Nimeona ghala limevutiwa kebo ndefu kuliko hapo, na mwenye ghala analaumu kampuni ya simu. Na kamera hazielekezwi chumbani wala bafuni. Tangu 2023 sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi inafanya kazi, na mteja atakayewaambia "wekeni tu" hatasimama nanyi mbele ya Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Mke wangu anasoma TEHAMA jioni. Wakufunzi wote ni wanaume na anarudi saa mbili usiku. Nimkataze? – Mume, Kanyenye

Pikipiki unayo? Basi nenda ukamchukue.

Kama hofu yako ni wakufunzi, hofu hiyo haikosi msingi, ila umeigeuzia kwa mtu asiye na kosa. Mkufunzi anayedai ngono ili atoe maksi anatenda kosa la jinai, kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Namba ya TAKUKURU ni 113, kupiga ni bure. Mwambie mkeo unaijua namba hiyo, na kwamba akikueleza jambo utaanza na mkufunzi, si na yeye. Wanawake wengi hunyamaza wakijua mume akisikia, kinachokufa ni masomo.

Nikijua kuandika programu lazima nihamie Dar? – Mwanafunzi, Sikonge

Hapana. Mwaka 1962 Stephanie Shirley alianzisha kampuni ya programu Uingereza, akaajiri wanawake waliokaa nyumbani na watoto. Waliandika programu kwa penseli mezani, wakazituma kwa posta. Barua zake za kutafuta wateja hazikujibiwa mpaka alipoanza kusaini "Steve". Wewe una mtandao mfukoni. Unachohitaji ni kazi za kuonyesha, na umeme. Nunua kompyuta mpakato ya mtumba yenye RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 8 na SSD (diski ya kasi), iwashe mbele ya muuzaji, itazame betri ikitumika nusu saa. Usinunue kwa picha ya WhatsApp.

Akili mnemba haitafuta kazi hizi? – Kaliua

Ya kuchapa tu, ndiyo. Soma tena jibu la Baba Mwajuma.

Shule yetu ina kompyuta 20 za mradi zimefungiwa chumbani, mkuu anaogopa zitaibwa. Zikifunguliwa wavulana wanawahi viti vyote. Nataka wasichana wafaidike. Nifanyeje? – Mwalimu wa sekondari, Uyui

Mwalimu, swali hili ndilo nililolingoja.

Viti kwanza. Usiache watoto wakimbilie. Bandika orodha ya majina na namba ya mashine, ibadilishe kila wiki. Wakikaa wawili wawili, changanya kwa ratiba, na anayeshika kipanya nusu ya kwanza ya kipindi awe msichana. Ukiacha "wasaidiane", mvulana atafanya na msichana ataandika maelezo kwa mwandiko mzuri, nawe utampa maksi kwa mwandiko. Jumamosi toa saa mbili za wasichana peke yao: mashine moja mbovu, bisibisi, waitoe RAM, wairudishe, waiwashe. Ikikataa kuwaka usiwahi kuwasaidia. Intaneti si lazima. Packet Tracer, programu ya kuigiza mitandao, inafundisha bila bando ikishawekwa kwenye mashine, na Python, lugha ya kuandikia programu, pia.

Wizi ni hofu ya kweli, lakini dawa yake ni nondo, mlinzi na daftari la kusaini. Mkuu akikataa bado, mpe hesabu ya hasara: betri za UPS, zile za kushikilia umeme ukikatika, zikikaa muda mrefu bila chaji zinakufa, na vumbi la kiangazi cha Uyui linaziba mafeni. Mkaguzi akija kuuliza vifaa vya mradi, atakuta kompyuta 20 zisizowaka, na sahihi ya kuzipokea ni yake mkuu.