Jambo linapokaa moyoni: maswali yenu kuhusu "rankle"

Tangu nilipogusia kitenzi cha Kiingereza "rankle", yaani jambo kuendelea kukuuma moyoni, kwenye somo la maneno ya hisia, maswali hayajakoma. Nimefurahi, maana ni neno zuri ambalo wengi wetu hulisoma na kulipita bila kuthubutu kulitumia. Nimechagua matano.

Shikamoo mwalimu. Niliandika "I rankle my brother because he took my phone", mwenzangu akasema nimekosea. Kosa liko wapi? *Mwanafunzi wa kidato cha nne, Tanga*

Marahaba. Makosa ni mawili. La kwanza ni la mtenda. Kwa "rankle", kinachotenda ni jambo lenyewe: dharau, tusi, uamuzi wa upendeleo, haki uliyonyimwa. Mtu hawi mtenda hapo. Kiswahili kinakubeba, kwa kuwa nasi husema "neno lile linaniuma". Kwa hiyo andika "His remark still rankles", yaani alichosema kingali kinauma. Sentensi imetimia bila hata kumtaja anayeumia.

La pili ni la muda, na hili ndilo ninalotaka mlishike. Simu imechukuliwa leo asubuhi; hiyo ni hasira mbichi, na "It annoyed me" inatosha. "Rankle" ni ya maumivu yaliyolala na wewe, yakaamka na wewe. Nilipokuwa kidato cha pili, insha yangu ilisomwa mbele ya darasa ili watu wacheke. Siku ile nililia tu. Leo nina wajukuu, na nikikumbuka kicheko kile kifua hubana. Hapo ndipo mahali pa "it still rankles". Ndiyo maana kitenzi hiki huandamana sana na "still" na "years later".

"It rankles me" au "It rankles with me"? *Mhariri, Nairobi*

Zote zipo. Uingereza wamezoea "with". Marekani "rankles me" ni ya kawaida, na kamusi ya Merriam-Webster inaikubali. Sisi hupenda "rankles me" kwa sababu "linaniuma" tayari ina "ni" ndani yake. Kwa mtihani wa shule zetu, zinazofuata Kiingereza cha Uingereza, weka "with" au mwache kabisa anayeumia.

Mwalimu, "rankle" na "rancour" si mtu na nduguye? Zote zina chuki ndani. *Msomaji, Mombasa*

Zinafanana sura, lakini ukoo ni tofauti. "Rancour" imetoka kwenye neno la Kilatini la kitu kilichochacha, na ndilo lililozaa "rancid", ile harufu ya mafuta yaliyoharibika. "Rankle" imepitia Kifaransa cha kale, katika neno lililomaanisha kidonda kinachotunga usaha, na nyuma yake kuna "dracunculus" ya Kilatini, joka dogo. Waliokitazama kidonda kile walimwona nyoka. Jina hilohilo la joka dogo wataalamu wamempa mnyoo wa Guinea, yule anayetokea mguuni kupitia kidonda kinachowaka moto: Dracunculus medinensis.

Kwa hiyo mwanzoni kilicho-"rankle" kilikuwa kidonda cha mwilini, na cha moyoni kilifuata. Jirani yake "fester", kutunga usaha, ana historia kama hiyo: chimbuko lake ni "fistula" ya Kilatini, neno ambalo wauguzi wetu wanalo mdomoni hadi leo.

Natafsiri riwaya. Mhusika anasema "The insult rankled for years." Nimeandika "Alikuwa na kinyongo kwa miaka mingi." Ni sawa? *Mfasiri, Zanzibar*

Maana imefika, ila umemhamisha mwenye kosa. Kinyongo ni cha mtu: anacho, anakiweka, anaweza kukitoa. Msomaji wako sasa atamwona mhusika kuwa mtu wa visasi. Mwandishi hakusema hivyo. Amesema tusi ndilo lililogoma kuondoka. Mhusika huenda amesamehe na kula sahani moja na aliyemtukana, na bado linamuuma.

Mimi ningeandika "Tusi lile lilimkaa rohoni miaka na miaka", au "lilimchoma". Pahali pengine kwenye riwaya, kama jambo la leo linaamsha la zamani, tumia kutonesha: "Salamu ile ilimtonesha donda." Hilo neno silibadilishi kwa lolote. Mama zetu wamelitumia kwa kidonda cha mguuni na cha moyoni vilevile, bila kufundishwa Kilatini. "Kukera" ni nyepesi mno hapa. Inzi naye hukera. Na "donda ndugu" liache kwa uhasama wa familia au wa nchi mbili, si kwa tusi moja.

Bosi wangu aliniita mvivu kwenye kikao. Nataka kumwandikia "I resent to be called lazy." Niandike "resent" au "rankle"? *Karani, Mwanza*

Pole, ndugu yangu. Kwanza sarufi: baada ya "resent" huja "-ing", hivyo "I resent being called lazy". Tamka kwa z, "rizent", ili isichanganywe na "re-sent", kutuma upya. Asili yake ya Kifaransa ni kuhisi tena, na hapa mtenda ni wewe: unasimama na kusema hukubali.

Ndiyo sababu ni kali kwenye barua ya kazini. Ukiiandika, umeshatangaza ugomvi. "Rankle" nayo haifai bado, kikao ni cha juzi tu. Andika "I was hurt to be described as lazy in front of my colleagues", kisha taja kazi ulizokamilisha mwezi huo na uombe mzungumze ana kwa ana. Na mpelekee wiki hii hii.