Kisanduku cha mstari mmoja

Wiki hii mmeuliza: "Kama uliwahi kupunguzwa kazini, ulilielezaje jambo hilo kwenye usaili wa kazi iliyofuata?" Nimelisoma swali nikacheka peke yangu. Nililijibu vibaya kabla sijalijibu vizuri, na siku hizi nakaa upande wa pili wa meza nikiwasikiliza wengine wakihangaika nalo. Nianzie huko upande wa pili, maana laiti ningeuona mapema ningejiokolea miezi kadhaa.

Fomu ya alama tunayoijaza kazini kwetu ina kurasa mbili. Karibu yote ni maswali ya kazi yenyewe: mzigo ukifika pungufu unafanya nini, hesabu ya leja na hesabu ya rafu zikipishana unaanzia wapi. Chini kabisa ya ukurasa wa kwanza kuna kisanduku kilichoandikwa "Sababu ya kuondoka kazi ya awali". Kinabeba mstari mmoja, labda na nusu kwa mwenye mwandiko mdogo. Alama hakina. Msailiwa azungumze sekunde ishirini au dakika kumi, kinachoingia humo ni mstari uleule mmoja. Asipoutoa mwenyewe, nitautunga mimi niliyeshika kalamu, kwa kadiri nilivyomwelewa na kwa kadiri nilivyochoka.

Mimi nilitungiwa wangu. Nilikuwa mtunza ghala kwa miaka 9. Kampuni ilikuwa na maghala mawili, ikaamua kuyaunganisha yawe moja, na katika wafanyakazi 140 tukaondoka 31. Barua nilipewa Ijumaa saa tisa alasiri, saa kumi nilikuwa nimeshakabidhi funguo. Nyumbani nikawaambia kibarua kimeota nyasi, tukacheka kidogo, kisha nikalala siku mbili.

Baada ya wiki sita nikaitwa kwenye usaili. Jopo la watu watatu, na swali la pili tu lilikuwa hilo: kwa nini uliondoka ulikokuwa? Nilijua litakuja na nilikuwa nimejiandaa, ila maandalizi yangu yote yalikuwa ya kujitetea. Nikaanza mbali. Meneja mpya alivyokuja, mfumo mpya wa kompyuta ulivyoletwa bila mafunzo, nilivyoonya kwamba bidhaa zinasomwa mara mbili wakati wa kupokea mzigo, nilivyopuuzwa. Nikafika kwa kijana niliyemfundisha kazi mimi mwenyewe, ambaye yeye alibakizwa. Hapo mama mmoja wa jopo, aliyekuwa akiandika tangu mwanzo, alichukua kifuniko cha kalamu, akaifunika taratibu, akailaza sambamba na ukingo wa karatasi. Nilimwona. Nikaendelea.

Nilipomaliza, mwenyekiti akasema, "Pole sana, dada. Sasa tumebakiwa na kama dakika tano, hebu tueleze kidogo kuhusu kuhesabu mali." Dakika tano, za kazi niliyoifanya miaka tisa! Sikuitwa tena. Sijui kisanduku changu kiliandikwa nini, lakini kama ningekuwa mimi nimeshika kalamu ile ningeandika: "Hakuelewana na meneja." Na wala hatukuwahi kukosana.

Kila nililosema lilikuwa kweli, mpaka habari ya bidhaa kusomwa mara mbili. Ila wale watu watatu hawakuwa na namna ya kuupima ukweli huo. Hawakumjua meneja wangu, hawakuliona ghala letu. Kitu pekee walichoweza kukipima ni mimi niliyekuwa mbele yao, mtu aliyeulizwa swali jepesi akalijibu kwa jazba. Hasira yangu ilikuwa halali. Nilikosea mahali pa kuitolea.

Nikaanza upya, na nilianza na kitenzi. Kiswahili kinatupa vingi hapa na kila kimoja kina mzigo wake. Niliacha: uamuzi ulikuwa wangu. Nilifukuzwa: kosa lipo. Nilisimamishwa: uchunguzi unaendelea. Niliachishwa: uamuzi ni wao, na msikilizaji anabaki akijiuliza ulifanya nini. Nilipunguzwa: watu walikuwa wengi kuliko kazi iliyobaki. Tukiwa wenyewe kwa wenyewe unga umemwagika tu, vyovyote utakavyouita, lakini mbele ya jopo tofauti hiyo ni kubwa. Nimewasikia watu waliopunguzwa kabisa, barua wanazo, wakisema "niliachishwa" kwa sababu ya aibu tu, na nyusi za wasaili zikapanda. Kisha nikabadilisha kiambishi. Mahali pa "nilipunguzwa" nikasema "tulipunguzwa", na idadi ikafuata papo hapo. Ni herufi mbili tu zilizobadilika, na msikilizaji haoni tena mtu mmoja aliyechomolewa kwenye kundi.

Tofauti hiyo si ya lugha peke yake. Mjumbe wetu wa chama cha wafanyakazi, mtu mkimya anayependa karatasi kuliko hotuba, alinipa nakala ya Mkataba Na. 158 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1982. Alikuwa amepigia mstari ibara ya 4. Inataja sababu halali za mwajiri kusitisha ajira: uwezo wa mfanyakazi, mwenendo wake, au mahitaji ya uendeshaji wa shirika lenyewe. Mbili za kwanza zinakuhusu wewe. Ya tatu inaihusu kampuni. Nchi nyingi hazijaridhia mkataba huo, lakini mgawanyo huo utaukuta kwenye sheria za kazi za nchi nyingi. "Wewe uko kwenye ya tatu," akaniambia. "Kwa nini unajieleza kama uko kwenye ya pili?"

Basi jibu langu likawa hili, na nililisema kwa sauti mbele ya kioo mpaka likaacha kunitetemesha: "Kampuni iliunganisha maghala mawili. Tulipunguzwa watu 31 kati ya 140, na nafasi yangu ilikuwa mojawapo ya zilizofutwa. Nilikabidhi ghala baada ya hesabu ya mwisho, na barua yao ninayo hapa. Kazi hii nimeiomba kwa sababu mna bidhaa zinazoharibika haraka, na huko nilikotoka nilishughulika nazo miaka minne." Halafu kunyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu kuliko yote hayo. Msaili anapoinama kuandika, ule ukimya wa sekunde tatu unakuvuta uongeze neno, na neno la kwanza litakalokutoka ni "kwa kweli hawakututendea haki." Mwache aandike. Anakijaza kisanduku, na anakijaza kwa maneno yako.

Usaili uliofuata niliulizwa kitu ambacho kioo hakikuniuliza: "Mlikuwa watunza ghala wawili. Kwa nini uliondoka wewe na si yule mwingine?" Wengi wetu tunaangukia hapa, kwa hiyo niseme zaidi kidogo.

Ukijibu "hata mimi sijui", msaili atalijaza pengo hilo mwenyewe. Ukijibu "upendeleo", umerudi kwenye jazba. Dawa yake huandaliwa mapema, wakati bado unazungumza na mwajiri anayekuondoa: muulize kwa maandishi ni kigezo gani kilitumika. Pendekezo Na. 166, lililopitishwa mwaka uleule wa 1982 kusindikiza mkataba nilioutaja, linataka vigezo vya kuchagua watu wa kupunguza viwekwe mapema inapowezekana, na vizingatie maslahi ya pande zote mbili. Kwa hiyo ukiuliza hujamkosea mtu adabu. Huenda kigezo kikawa aliyeingia mwisho ndiye anayetoka kwanza. Huenda nafasi yenyewe ndiyo imefutwa, au wamebakiza wenye ujuzi fulani. Mimi niliuliza kwa kuchelewa, miezi miwili baada ya kuondoka, na afisa wa rasilimali watu alinijibu kwa barua pepe ya mistari minne: walibakiza waliokuwa na cheti cha mfumo mpya wa kompyuta. Yule kijana wangu alikuwa nacho. Mimi sikuwa nacho.

Iliniuma kuisoma, sitaficha. Lakini kwenye usaili ilinisaidia kuliko maelezo yote niliyowahi kuyatoa, kwa sababu sasa nilikuwa na la kusema lenye mwanzo na mwisho: "Walibakiza wenye cheti cha mfumo mpya. Sikuwa nacho wakati ule. Nilikisomea baadaye, nimekipata." Yule bwana aliyeuliza aliitikia kwa kichwa akafungua ukurasa wa pili.

Kuna wanaosema siku hizi kupunguzwa hakuna aibu, na kwa sehemu ni kweli. Novemba 2022 Meta, wenye Facebook, walitangaza kupunguza watu zaidi ya 11,000; Januari 2023 Alphabet, wenye Google, wakatangaza takriban 12,000. Watu wanaposikia hata huko wanaondolewa kwa maelfu, shaka dhidi ya mmoja mmoja hupungua. Lakini msikae mkidhani kila upunguzaji unasikika hivyo. Januari 2025 Meta haohao walitangaza kupunguza takriban asilimia 5 ya wafanyakazi, na safari hii walisema wazi kwamba wanalenga wenye utendaji wa chini. Aliyeondoka kwenye wimbi la namna hiyo, popote pale, hawezi kulijibu kwa idadi tupu, kwa sababu swali la utendaji litakuja tu. Huyo ningemshauri alitangulie mwenyewe: ataje tathmini zake za miaka ya nyuma kama zilikuwa nzuri, na kama ya mwisho ilikuwa mbaya aseme ilihusu nini na amefanya nini tangu hapo. Sentensi mbili. Jopo linasamehe mwaka mmoja mbaya kwa wepesi kuliko tunavyodhani. Kinacholisumbua ni mtu anayekwepa kukuangalia usoni.

Kusema uongo nitakugusia haraka tu. Mwenzangu mmoja katika wale 31 aliandika kwenye wasifu wake kwamba bado yuko kazini, "hadi sasa". Alipita usaili wote. Walipompigia simu mdhamini wake kuthibitisha tarehe, ofa ikafutwa siku hiyohiyo. Kupunguzwa kwenyewe kusingemzuia kuipata kazi ile.

Na wale wanaofundishwa kusema "ilikuwa baraka, nilipata nafasi ya kujitafakari", tafadhali. Nimelisikia hilo mara nyingi mno na sijawahi kumwona msaili hata mmoja akiliamini. Ukitaka kusema ulijisikiaje, sema ilikuwa ngumu, kisha useme ulifanya nini. Miezi yangu saba bila kazi niliieleza hivi: nilisoma cheti, nilifanya vibarua vya kuhesabu mali kwenye maghala ya watu, nilimuuguza mzazi. Hakuna aliyeuliza zaidi.

Jambo dogo la mwisho, maana naona watu wanalisahau: kama ulisaini makubaliano ya kuondoka yenye kifungu cha kutunza siri, yasome kabla ya usaili. Mara nyingi kinachozuiwa ni kiasi ulicholipwa na kuisema vibaya kampuni, na kusema kwamba ulipunguzwa hakumo. Yasipokuruhusu kueleza jambo, sema "hapo nimefungwa na makubaliano" na uendelee. Wasaili wanalielewa hilo. Wengine wao wamesaini ya namna hiyo.

Mwezi uliopita tulimsaili kijana wa nafasi ya ghala. Nilimuuliza mimi mwenyewe kwa nini aliondoka alikokuwa. Akasema, "Walifunga idara ya usambazaji. Tulikuwa 22, tulipunguzwa wote." Akanyamaza. Niliona kidole gumba chake kikisugua ukingo wa bahasha, na nikajua anajizuia. Nikaandika: Idara ilifungwa, wote 22. Nafasi ikabaki kwenye kisanduku. Nikamuuliza leja inaonyesha katoni 400 na kwenye rafu unahesabu 388, unaanzia wapi. Akaomba karatasi, akageuza bahasha yake upande usioandikwa kabla sijampa, akaanza kunichorea mlango wa kupokelea mzigo.