Jibu: Mbona kina mama bado wanafariki na uzazi ulifanywa bure?

Ndugu yangu, umeuliza mbona kina mama bado wanafariki ilhali kujifungua katika hospitali za serikali hapa Kenya kulifanywa bure Juni 2013, na mkeo sasa ana mimba ya miezi minane. Mimi ni mkaazi wa Likoni, Mombasa, ambako hospitali kubwa iko ng'ambo ya feri, mama wa watoto watatu. Nakujibu kwa niliyoyaona.

Wifi yangu alijifungua salama saa tano usiku, zahanati moja huku kwetu. Mtoto alilia vizuri, tukamshukuru Mungu. Nesi alikuwa mmoja tu, na chumba cha pili kuna mwingine anaumwa na uchungu, akaenda huko. Mimi nimempakata mtoto, simwangalii mamake. Leso aliyotandikiwa ilikuwa nyekundu. Akaniambia, "Wifi, nahisi baridi," na joto lile la Machi! Kutia mkono chini yake, ukatoka umelowa mpaka kiganjani.

Nesi alikuja mbio, akamkanda tumbo, akamdunga oksitosini, dawa ya kukaza mji wa mimba ili damu ikate. Dawa hiyo hutunzwa kwenye baridi, nyuzi 2 hadi 8, na stima ilikuwa imepotea tangu asubuhi. Damu haikukata. Ambulensi, tukaambiwa, iko ng'ambo. Tukampakia kwenye tuktuk hadi kivukoni, watu wakatupisha, na ile feri kutoka upande wa pili niliiona haifiki. Alhamdulillahi alifika akiwa hai, akaongezwa damu.

Kwa hivyo bure iliondoa kikwazo cha pesa tu. Kuvuja damu baada ya kuzaa, ambako ni katika visababishi vikubwa vya vifo vya kina mama wa uzazi, kunataka mtu aone mapema. Jicho hudanganya, hata la mkunga mzoefu. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanywa katika hospitali za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini: mama anawekewa chini karatasi ya plastiki yenye mfuko na alama za vipimo, na damu ikizidi anakandwa tumbo, anapewa dawa, anawekewa maji ya mshipa na kukaguliwa, yote kwa pamoja bila kungoja moja lishindwe. Kuvuja damu kwingi na madhara yake kulipungua kwa asilimia 60. Karatasi na hatua hizo tu! Hii ndiyo ningeidai katika kila zahanati ya kaunti, kabla ya jengo jipya lolote.

Kwa mkeo, jua kundi lake la damu sasa hivi, uwe na ndugu wawili walio tayari kutoa, na siku zikikaribia alale upande ule ule wenye hospitali kubwa. Atakayemsindikiza asimtazame mtoto peke yake. Saa mbili za mwanzo amuombe nesi amwonyeshe jinsi ya kupapasa chini ya kitovu: pawe pagumu kama dafu. Pakilegea, aite. Na leso ya kutandika iwe nyeupe.