Nairobi mpaka New York ni masaa saba, 15 ama 22?

SWALI: Habari ya kazi. Binti yangu anaenda chuo New York mwezi wa kwanza, na hajawahi panda ndege. Tiketi inasema anatoka JKIA saa tano na dakika 25 usiku anafika JFK saa kumi na mbili na dakika 25 asubuhi, nikahesabu nikapata masaa saba. Ya kurudi inatoka huko saa sita na dakika 25 mchana inaingia Nairobi kesho yake saa tano kasoro dakika tano asubuhi, yaani masaa 22 na nusu! Jirani naye anasema ni 15. Nishike lipi? – Mama wa Nakuru

JIBU: Mama, hongera sana kwa binti. Shika la jirani. Kila saa kwenye tiketi ni ya mji wenyewe, na mwezi wa kwanza New York iko nyuma yetu masaa nane (kuanzia mwezi wa tatu hadi wa kumi na moja wanasongesha saa mbele, inabaki saba). Kwa hivyo usitoe saa ya huku na ya huko, geuza zote ziwe za Nairobi kwanza. Akifika saa kumi na mbili na dakika 25 asubuhi yao, kwako ni saa nane na dakika 25 mchana, hapo ni masaa 15 kamili. Kurudi nako anatoka saa mbili na dakika 25 usiku ya kwetu, so ni masaa 14 na nusu, wala si 22.

Hiyo nusu saa inapungua kwa sababu ya upepo. Kule juu, kilomita kumi na kitu, kuna upepo mkali sana unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na wakati wa baridi yao ndio unazidi, sasa ndege ikienda Marekani inapambana nao na ikirudi unaisukuma.

Umbali wenyewe ni kama kilomita 11,800, na Dreamliner inakimbia karibu 900 kwa saa, ukigawanya unapata masaa 13 na kidogo, halafu weka kupaa, kushuka, upepo na kuzunguka zunguka. Na akiona kwenye skrini ndege inapanda juu kuelekea Sahara asidhani wamepotea njia, dunia ni duara na njia fupi kabisa inatokea Moroko ndio ivuke Atlantiki, ni ramani ya karatasi tu inayotudanganya.

Kitu kimoja mimi hukipenda sana kwa hii safari, ambayo Kenya Airways walianza Oktoba 28, 2018, ni kuondoka usiku. JKIA iko juu zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi, na jua likiwaka inakuwa nyepesi zaidi, sasa ndege iliyojaa mafuta ya masaa 15 inapata shida kunyanyuka. Baridi ya usiku inasaidia sana.

Kwa hivyo Mama usikae macho usiku ukingoja simu, lala. Simu anza kuitarajia kesho yake mchana, na hata saa tisa unusu ikipita usishtuke, foleni ya uhamiaji pale JFK huwa ndefu na bado angoje mizigo.