Kabureta mpya kwenye Triumph ya 1970: wasomaji wanauliza

SWALI: Nina Triumph Bonneville T120 ya 1970. Kabureta zake mbili, Amal 930, zimelika: slaidi (vipande vinavyopanda na kushuka ukivuta aksela) zinagonga na silensa, yaani mwendo wa injini aksela ikiwa imeachiwa, haitulii. Nimepata mbili mpya aina ya Amal Premier. Fundi anasema nizifunge kama zilivyotoka kwenye boksi. Ni sawa? – Msomaji, Arusha

JIBU: Kuzifunga ni rahisi, kuzisawazisha ndiko kwenye kazi. Ila kabla hujagusa kabureta, pima tapeti, yaani pengo la valvu, injini ikiwa baridi: valvu ya kuingiza inchi 0.002 (mm 0.05), ya kutolea 0.004 (mm 0.10). Angalia na taimingi ya cheche ya plagi, digrii 38 kabla ya pistoni kufika juu, advansi (kifaa kinachowahisha cheche mwendo ukipanda) ikiwa imefunguka yote. Springi za advansi zikilegea, silensa hupanda na kushuka, na kabureta hulaumiwa bure.

Zako za zamani zimelika kwa sababu slaidi na bodi ni za madini ya aina moja, laini kwa laini. Premier ina slaidi ya aluminiamu iliyofanywa ngumu usoni, na jeti yake ndogo (kitundu cha kupimia mafuta ya silensa) inafunguka. Kwenye ile ya zamani jeti hiyo imeshindiliwa ndani, tundu lake ni kama mm 0.4, na uchafu kidogo tu unaliziba bila wewe kuuona.

Sasa saizi. Pikipiki yako kiwandani ilitoka na jeti kubwa 190, jeti ya sindano 106, slaidi namba 3, na klipu ya sindano kwenye mfereji wa katikati. Fungua bakuli la mafuta chini ya kabureta usome namba zilizogongwa kwenye jeti zenyewe; usiamini karatasi ya boksi. Halafu kumbuka ulipo. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na kanuni ya Amal ni kupunguza jeti kubwa kwa asilimia 5 kati ya futi 3,000 na 6,000. Kwa hiyo weka 180. Ukiacha 190 utapata plagi nyeusi na injini nzito kwenye mlima.

Angalia pia kulia na kushoto. Kabureta hizi ni jozi, na skrubu zake za silensa na za hewa zinatakiwa zitazame nje ili uzifikie tangi likiwa mahali pake.

Wengi huharibu kwenye flanji, uso wa kabureta unaobanwa kwenye injini. Weka oringi (pete ya mpira) mpya kwenye mfereji wake, pasiwe na gundi ya gasketi. Kama mashine yako ina washa za mpira chini ya nati, kaza mpaka mpira ubanwe kidogo tu. Ukikaza kwa nguvu flanji inapinda, hewa inaingia pembeni, na hakuna skrubu itakayotibu hilo. Flanji za zamani zihakiki kwa kuzilaza juu ya kioo: zikicheza, zimepinda.

Kusawazisha: legeza skrubu za silensa mpaka slaidi zote mbili zifunge kabisa. Toa filta, ingiza kidole kila upande, vuta aksela polepole, urekebishe kebo mpaka slaidi zianze kupanda pamoja. Kwa uhakika zaidi, weka vipande viwili vya drili vya mm 3 chini ya slaidi. Ukivuta aksela polepole, vyote viachiwe kwa wakati mmoja. Geuza usukani kulia na kushoto uone kebo haivutwi.

Skrubu ya hewa ifunge taratibu mpaka mwisho, kisha irudishe mzunguko mmoja na nusu. Hii ni skrubu ya hewa, si ya mafuta: ukiifunga, mchanganyiko unakuwa mzito. Pasha injini moto, chomoa waya wa plagi moja uuchomeke kwenye plagi ya akiba iliyolazwa juu ya chuma cha injini, ili koili isiumie. Rekebisha silinda inayowaka mpaka izunguke polepole bila kuzima, kisha badilisha upande. Ukirudisha waya zote mbili mwendo utapanda. Legeza skrubu mbili za silensa kwa kiasi kilekile.

Barabarani, injini ikimisi aksela ikiwa chini ya moja ya nane, angalia skrubu ya hewa. Hadi robo, slaidi. Robo hadi robo tatu, sindano. Juu ya hapo, jeti kubwa. Ikiwa kwenye aksela yote nguvu inaongezeka unapoirudisha kidogo, jeti kubwa ni ndogo mno.

SWALI: Nimeweka kabureta mpya kwenye Honda CG125 ya miaka ya themanini. Nikiachia aksela, mwendo haushuki. – Msomaji, Tanga

JIBU: Toa slaidi kwanza. Upande uliokatwa unatakiwa utazame filta, ikigeuzwa haifungi. Ikiwa sawa, angalia kama kebo ina uchezo wa mm 2 hadi 6 kwenye mshiko. Mwisho puliza dawa ya kusafishia kabureta kwenye maungio, mbali na egzosi ya moto maana inawaka. Mlio wa injini ukibadilika, hewa inapitia hapo.