Tarehe zote kuwa Januari kwenye tMap

Dada, umeuliza kwa nini daftari la samaki wa Mayungu na Ngomeni, ukilipitisha kwenye tMap (sehemu ya Talend, programu ya kuchakata data, inayobadilisha na kuunganisha safu), linatoa samaki aitwaye changu mara tatu kana kwamba ni samaki watatu, na tarehe zote zinageuka Januari.

Shika tarehe kwanza, maana hapo ndipo hesabu za wavuvi zinapoharibika kimyakimya. Nadhani umeandika TalendDate.parseDate("dd/mm/yyyy", row1.tarehe), ambapo row1 ni data inayoingia. Herufi mm ndogo ni dakika. Mwezi ni MM kubwa. Basi 07/08/2023 inasomwa 7 Januari, saa sita na dakika nane usiku, wala huoni onyo lolote. Badilisha herufi hizo mbili tu.

Siku ambazo karani hakujaza tarehe, tanguliza sharti: row1.tarehe == null || row1.tarehe.isEmpty() ? null : kisha fomula yako. Wengi hukagua null (thamani isiyopo kabisa) peke yake, wakasahau kwamba seli tupu ya CSV (faili la jedwali la maandishi) mara nyingi huingia kama maandishi matupu.

Suala la samaki changu ni rahisi, ikiwa jina lake limeandikwa kwa herufi kubwa, ndogo au na nafasi za ziada: StringHandling.UPCASE(StringHandling.TRIM(row1.samaki)) hufuta nafasi za pembeni na kugeuza herufi zote kuwa kubwa. Iweke kwenye jedwali la Var (la fomula za muda) katikati ya dirisha la tMap, uiburute kila unapoihitaji. Lakini tafi wa kwetu Malindi na tasi wa Unguja ni samaki mmoja, na hakuna fomula itakayolijua hilo. Tengeneza faili dogo la majina, uliunganishe kama lookup (jedwali la kutafutia jina linalolingana).

Ukikwama, fungua dirisha la kuandikia fomula, uijaribu humo kwa tarehe moja kabla ya kuendesha kazi nzima.